Seva moja, teminali 30: RAM GB 16 zitatosha kweli?

mwalimu_langoni

Asalaam aleikum wadau. Niko Amu (Lamu), mtaa wa Langoni. Tunaandaa chumba cha kompyuta, mchana watakuwa wanafunzi wa sekondari na jioni watu wazima, kina mama na mabaharia wanaotaka kujifunza kuandika barua, kutuma barua pepe na kujaza fomu za serikali za eCitizen wenyewe bila kupanga foleni saiba. Tumepewa teminali 30 zilizotumika, zile kompyuta ndogo zinazowaka kupitia mtandao na kazi yote inafanyika kwa seva, yaani kompyuta kuu. Monita tunazo. Kilichobaki ni seva, swichi ya mtandao na kebo na hapo ndipo naomba ushauri kabla pesa ya wafadhili haijatoka manake ikitoka imetoka.

Muuzaji mmoja wa Mombasa ametuandikia seva ya prosesa yenye viini (core) 4, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 16 na diski ya kawaida (hard disk) ya TB 1. Nikamuuliza, watu 30 kwa 16 itawezekana? Akanipigia hesabu hapo hapo: MB 256 za seva yenyewe, jumlisha MB 192 kwa kila mtu mara 30, jumla MB 6016, yaani GB 6 hivi, kwa hivyo 16 ni nyingi na zitabaki. Hesabu imenyooka lakini roho yangu haijatulia. Laptopu yangu ina GB 8, nikifungua Firefox na LibreOffice naona nusu ishaliwa na hapo niko peke yangu.

Watakachofanya ni LibreOffice, Firefox, Scratch ya kujifunza kuandika programu kwa wadogo, na kuna masomo ya video ya YouTube ambayo walimu wanayataka sana. Mfumo ni Linux, tunataka kutumia LTSP, ile programu ya kuwasha teminali nyingi kutoka kwa seva moja. Naomba mnisaidie: RAM ngapi, prosesa gani, diski gani, na nyaya za chumba zikae vipi?

fundi_maweni

Waaleikum salaam mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Mi niko Malindi, kazi yangu ni hizi hizi maabara za mashule kuanzia huku mpaka Gede na Watamu.

Hiyo kanuni ya 192 muuzaji hakuitunga, ipo, iliandikwa enzi Edubuntu, Linux ya mashule, ndiyo inaingia mashuleni na ilikuwa sawa kwa wakati wake. LTSP imeanza 1999, zamani hizo ukurasa wa mtandao ni maandishi na picha mbili tatu, na mtu akiwa na MB 192 anafungua kila anachotaka. Leo kinachokula RAM ni brauza. Firefox yenye kurasa nne, moja barua pepe na moja video, inapita GB 1 bila shida yoyote. Kwa hivyo usianze na idadi ya teminali, anza na swali hili: saa nne asubuhi darasa likiwa limejaa, watu wangapi watakuwa na brauza wazi kwa wakati mmoja na wamefungua nini? Jibu la hilo ndilo litakwambia seva ya kununua.

Mimi nikipiga hesabu naweka hivi. Mfumo wenyewe na huduma zake GB 3 mpaka 4. Kisha kila mtu, deski nyepesi kama MATE au Xfce ni MB 400 hivi, LibreOffice MB 200 na kitu, Firefox GB 1. Kwenye karatasi ni kama GB 1.6. Lakini programu moja ikifunguliwa na watu 30 kwenye seva moja ule mwili wake hauingii kwenye RAM mara 30, unaingia mara moja wanagawana, kinachorudiwa ni data ya kila mtu peke yake. Ndio maana mi naweka GB 1.5 kwa kichwa kwa darasa linalotumia brauza, na nusu GB kwa darasa la kuandika tu. Watu 30 mara 1.5 ni 45, weka 4 za mfumo ni 49, dukani hakuna 49 kwa hivyo ni 64. Na ukinunua 16 ukaweka watu 30 wa Firefox, haitakataa mara moja, itaanza kuhamishia kwenye diski, na diski ya kawaida ikishaanza kazi ya RAM basi kila mtu chumbani anasubiri, hata yule anayeandika barua yake ya mstari mmoja.

Prosesa: kuandika hakuichoshi. Brauza ndiyo inachosha. Kiini kimoja kwa watu watatu wanne, kwa watu 30 tafuta viini 8 mpaka 12 vya kisasa, na usidanganyike na viini vingi vya polepole, ukurasa mmoja wa mtandao unategemea sana kasi ya kiini kimoja.

Video sasa, hapa nataka usome pole pole. Kama video inachezwa kwenye seva halafu picha inatumwa kwa teminali bila kubanwa, piga: nukta 640 mara 480, kila nukta baiti 3, picha 25 kwa sekunde. Inatoka kama MB 23 kwa sekunde, yaani megabiti 184 (baiti moja ni biti 8). Kebo ya megabiti 100 haibebi hata mtu mmoja! Na waya wa gigabiti kutoka kwa seva unabeba watu watano umejaa. Ziko njia za kuonyesha deski ya seva kwa teminali zinazobana picha, kama x2go na RDP, lakini kubana nako kunakula prosesa ya seva, hukwepi, unalipa huku au unalipa kule. Nimeona walimu wakinunua RAM juu ya RAM kumbe ugonjwa uko kwenye waya.

Swichi iwe gigabiti poti zote. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka, hilo sina mjadala nalo.

Teminali zenyewe ni aina gani lakini? Hukusema, na hapo mambo mengi yanaweza kubadilika.

kisumundogo_tech

Mwalimu usisumbuke sana, tafuta Dell PowerEdge R720 iliyotumika, zinaingia nyingi kutoka ng'ambo, prosesa mbili za Xeon, unajaza RAM 128 na umemaliza maneno, hata teminali 60 itabeba.

fundi_maweni

Kubeba itabeba ndugu yangu sikatai. Lakini ile mashine inakula stima ikiwa imekaa bure, inalia kama ndege inaruka na mwalimu anafundisha chumba hicho hicho. Na ni ndefu na nzito, fikiria kuitoa Mokowe kwa boti uipandishe gati ya Amu uipitishe vichochoro vya Langoni kwa mkokoteni. Siku pawa saplai yake ikifa utaipata wapi kisiwani? Kompyuta ya kusimama, hata workstation kama HP Z440, inabeba RAM ya kutosha, ina kelele kidogo na fundi yeyote anaifungua.

bint_shela

Salaam mwalimu, salaam fundi. Nami niko Amu, upande wa Shela. Fundi amesema yote sawa ila yamesimama juu ya jambo moja, kwamba programu lazima zifanye kazi ndani ya seva. Si lazima.

LTSP iliandikwa upya 2019, na hii mpya kwa kawaida yake haifanyi vile ya zamani ilivyokuwa ikifanya. Teminali inawaka kwa mtandao, inasoma mfumo mzima kutoka kwa imeji moja, yaani faili lenye nakala ya mfumo, iliyo kwenye seva, lakini Firefox na LibreOffice zinakimbia kwenye RAM na prosesa ya teminali yenyewe. Seva inabaki na kazi ya kugawa faili na kutunza kazi za wanafunzi. Video inachezwa pale pale mbele ya mtoto, kinachopita kwenye waya ni ile video iliyobanwa kama ilivyotoka YouTube, megabiti moja mbili tu, si 184. Kwa mpango huo seva ya GB 16 inaweza kulisha teminali 30 bila kutoka jasho. Kwa hivyo muuzaji anaweza kuwa amepata jibu sawa kwa hesabu isiyo sawa, na hilo ni la hatari vile vile manake siku mkibadilisha mpango seva itawalalia.

Sharti lake ni moja, teminali ziwe na nguvu zake. Zikiwa na RAM GB 4 twende. Zikiwa na GB 1 hapana, Firefox ya leo itazinyonga.

Kitu cha kuangalia ukienda njia hii ni ile dakika kengele inapolia na watoto wote wanabonyeza kitufe cha kuwasha pamoja. Tuseme kila teminali inasoma MB 400 mpaka ifike kwenye deski. Mara 30 ni GB 12. Waya wa gigabiti unatoa kama MB 110 kwa sekunde, kwa hivyo dakika mbili hivi chumba kizima kimewaka. Waya huo huo ukiwa wa megabiti 100, unatoa MB 11, ni dakika 18, kipindi kishaisha nusu! Basi pesa yako ya kwanza iende kwa swichi na kebo nzuri. Na RAM ya seva hapa ina kazi nyingine, teminali ya kwanza ikishasoma imeji, Linux inaiweka kwenye RAM isiyotumika, za nyuma zote zinasoma kutoka hapo na diski imepumzika. Ndio ukiangalia utaona RAM "imejaa" na ni sawa kabisa, hiyo ndiyo inavyotakiwa.

Na tafadhali usifikirie waifai kwa teminali. Kuwaka kwa mtandao kunataka kebo, na hata isingetaka, kuta zetu za mawe ya matumbawe mnajua zilivyo nene, mawimbi hayapiti. Pitisha kebo chini ya ukuta ndani ya tranki za plastiki. Mji wetu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, usianze kutoboa kuta za nyumba ya zamani bila kuuliza wanaohusika.

mwalimu_langoni

Dada bint_shela na fundi Mola awajaalie, mmenifungua macho. Nimeenda nikazigeuza zote nikasoma nyuma. Kumbe ni aina mbili! 22 ni HP t620 zenye RAM GB 4, na 8 ni Wyse za zamani zenye GB 1. Hizo 8 nizitupe? Roho inaniuma, watu wamezitoa kwa moyo.

Halafu mambo mengine mawili. Stima huku inakatika na kurudi ghafla, seva itastahimili? Na chumba ni cha chini kabisa, bahari iko karibu, kuna unyevu.

mzee_wa_mitambo

Mwanangu, mimi nimefanya kazi ya umeme miaka mingi hapa Amu na Mokowe, kompyuta zenu hizi za ndani sizijui sana lakini stima na chumvi navijua.

Anza na mzigo. Teminali ndogo kama hiyo yala wati 10 mpaka 15, monita ya inchi 19 wati 18 hivi. Weka 30 kwa kila kiti, viti 30 ni wati 900, seva na swichi wati 130, jumla kama kilowati moja. Mngeweka kompyuta kubwa za zamani mngefika kilowati tatu. Kwa saa sita za darasa ni uniti 6 badala ya 18, kila siku ya masomo. Hiyo tofauti ndiyo itakayowafanya mjaliwe sola siku moja, kilowati moja mchana wa Amu ni paneli chache juu ya sakafu ya paa, kilowati tatu ni mradi mwingine.

UPS, ile betri ya akiba, weka kwa seva na swichi peke yake, usiwapelekee monita, zitamaliza betri bure. UPS yenye betri mbili za volti 12 na ampea-saa 7, kwenye karatasi ni wati-saa 168, kwa kweli utapata nusu yake au zaidi kidogo, kwa mzigo wa wati 130 ni kama nusu saa betri zikiwa mpya. Hiyo nusu saa si ya kuendelea na somo, ni ya kuzima seva kwa heshima. Kijana mmoja aniambia iko programu, NUT, UPS yaunganishwa kwa waya wa USB na seva yajizima yenyewe betri ikikaribia kwisha. Itumieni, musitegemee mtu kukimbia. Na muweke kifaa cha kuzuia stima isirudi papo hapo, kile kinachosubiri dakika chache, manake kinachoua vifaa si kukatika, ni kule kurudi kwa kishindo.

Chumvi: seva isikae sakafuni na isikae karibu na dirisha la upande wa bahari. Ipandishe juu ya meza, tena kama kuna chumba cha ghorofani weka huko, kebo itashuka. Feni yavuta hewa ya chumvi masaa yote, miezi ya kusi ndiyo mibaya zaidi, vichwa vya kebo vyafanya rangi ya kijani. Wekeni sponji nyembamba mbele ya feni muioshe kila wiki. RAM na kebo vichomolewe vifutwe kwa dawa ya kusafishia kontakti kila likizo. Na kama kuna nyumba mbili mwaunganisha, musipitishe waya wa shaba nje baina ya nyumba na nyumba, radi za masika zitafuata huo waya mpaka kwa swichi. Hapo ni faiba.

bint_shela

Shikamoo mzee. Hapo kwa stima niongeze jambo ambalo watu hawalifikirii mpaka liwakute. Hizi njia mbili hazifanani stima ikikatika. Mtoto anayefanyia kazi ndani ya seva, teminali yake ikizimika barua yake bado iko hai kwa seva, stima ikirudi kabla UPS haijaizima seva anaingia anaikuta ilipoishia. Yule anayefanyia kazi kwa teminali, kila asichohifadhi kimeenda. Kwa hivyo wale wa t620 weka LibreOffice ijihifadhi yenyewe kila dakika 2 na wafundishe Ctrl+S kabla ya kitu kingine chochote.

Na usitupe zile Wyse 8! Hizo ndizo zitumie kwa njia ya zamani, ziwake kwa mtandao halafu ziingie kwenye seva kwa x2go au RDP. Wape wale watu wazima wa jioni wa barua na fomu, hawahitaji video. Ila angalia prosesa yake kwanza, kama ni ya biti 32 haitawaka na imeji ya biti 64, na Debian 13 (aina ya Linux) iliyotoka 2025 haisakinishwi tena kwa mashine za biti 32.

fundi_maweni

Haya sasa mwalimu tunaweza kupiga hesabu yako wewe, si ya kitabu.

Mfumo GB 4. Wyse 8 mara 1.5 ni 12. Nafasi ya kuweka imeji kwenye RAM ili diski ipumzike, GB 5. Hapo ni 21. Na nakushauri weka Kolibri na Kiwix kwenye hiyo hiyo seva, Kolibri ina masomo ya Khan Academy na Kiwix ina Wikipedia nzima ya Kiswahili, yote bila intaneti, na zile video walimu wanazozitaka zihifadhiwe humo. Manake hata chumba kikiwa kizuri vipi, watu 30 wakifungua YouTube pamoja ni megabiti 30 na zaidi kutoka nje, na sijui laini yenu inabeba ngapi, lakini video ikiwa kwenye seva inapita kwa swichi yenu na hailipiwi bando. Tia GB 2 za kazi hiyo. Jumla 23.

Nunua 32. Nunua vipande viwili vya 16 usinunue vinne vya 8, ili nafasi mbili zibaki wazi siku mkitaka 64. Viini 6 mpaka 8 vinatosha kabisa sasa, ile 8 mpaka 12 niliyosema ilikuwa ya watu 30 ndani ya seva. SSD mbili za GB 500 zikiwa zimeunganishwa RAID 1, moja ikifa nyingine inaendelea, na ile diski ya kawaida ya TB 1 ya muuzaji usiikatae, ifanye ya bekapu kila usiku. Wanafunzi 150 ukiwapa GB 2 kila mmoja ni 300, nafasi inabaki. Lakini weka kikomo kwelikweli, bila kikomo mmoja atajaza sinema na diski ikijaa hakuna anayeingia.

Kikomo kingine ni cha RAM kwa wale 8. Kwenye systemd, msimamizi wa huduma za Linux, unatengeneza faili dogo ndani ya /etc/systemd/system/user-.slice.d/ unaandika MemoryMax=2G chini ya [Slice]. Mtu akifungua kurasa 40 brauza yake peke yake ndiyo inaanguka, wenzake hawajui kama kuna kitu kimetokea. Kwa maabara yoyote yenye seva moja mimi naiona hii ni lazima kuliko hata antivairasi.

Na jambo la roho yangu kabisa: seva moja ikilala, chumba chote kimelala. Tenga kompyuta moja ya kawaida, hata ya GB 8, uisakinishe LTSP vile vile na uinakilie imeji. Imeji ni faili moja tu. Ile siku seva itakapokataa, unahamisha kebo na wale 22 wanaendelea na somo, wale 8 tu watasubiri. Vipuri vya seva vitatoka Mombasa na nyinyi mko kisiwani, watoto hawawezi kungoja wiki.

kisumundogo_tech

Swali tu, kwa nini wasitumie Windows Server? Mtihani wa vitendo wa somo la kompyuta wengi wanafanyia Access na Publisher, LibreOffice itawatosha?

bint_shela

Swali la maana hilo. Windows Server kwa teminali inataka leseni ya RDS (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) kwa kila mtu au kila kifaa, juu ya leseni ya seva yenyewe. Bila hizo unapewa siku 120 tu halafu inafunga mlango. Na RAM haitapungua, itaongezeka. Kwa watahiniwa peke yao ningetafuta kompyuta mbili tatu zenye Windows na Office halali wafanye mazoezi kwa zamu, wengine wote wabaki Linux. Zile za Windows 10 zisiwekwe kwenye intaneti tena, msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

mwalimu_langoni

Mashaallah, sina la kusema. Niulize la mwisho: ruta yetu ya intaneti tayari inagawa anwani za IP, nimesoma kwamba LTSP nayo inataka kugawa, hazitagombana? Na nitajuaje kama hiyo GB 1.5 ni kweli kwa watu wangu kabla sijalipa?

fundi_maweni

Hazigombani. LTSP inatumia programu ya dnsmasq kama wakala tu, ruta inaendelea kugawa anwani na dnsmasq inaongeza habari za kuwaka peke yake, ndiyo kawaida yake. Ila tumia Debian, Firefox ya snapu (aina ya kifurushi cha programu) iliyoko Ubuntu inasumbua folda ya mtumiaji inapokaa kwenye mtandao.

La pili ndilo zuri. Azima kompyuta yoyote yenye GB 16, isakinishe, unganisha Wyse 5. Kabla mtu hajaingia andika amri free -h, soma safu ya available, iandike kando. Usisome safu ya free, hiyo itakutisha bure. Kisha waite watu 5 wa kweli, si wewe na akaunti tano, wafanye somo la kweli nusu saa, wafungue eCitizen, waandike barua, wasahau kufunga kurasa kama watu wanavyosahau. Soma tena available. Toa, gawa kwa 5. Hiyo ndiyo namba yako. Wakati huo huo mwingine aangalie htop, inayoonyesha kazi ya kila kiini, kama viini vyote vimejaa muda mrefu basi prosesa ndiyo shida, na kama viini vimelala lakini panya inakwama, shuku waya au diski.

mwalimu_langoni

Nimempigia muuzaji nikamsomea haya yote. Amekubali kubadilisha: viini 8, vipande viwili vya 16, SSD mbili, diski ya kawaida ya TB 1 inabaki kwa bekapu, swichi ya gigabiti poti 48. Malipo tumeyasimamisha mpaka tumalize lile jaribio la watu 5. Wyse nimezikagua, 6 ni biti 64 na 2 ni biti 32. Fundi, hizo 2 zina njia yoyote?

fundi_maweni

Zina njia, ila si kwa imeji hiyo. Tengeneza imeji ya pili ya Debian 12 ya biti 32, ndogo, isiyo na brauza wala LibreOffice, yenye x2go peke yake. Seva moja inaweza kugawa imeji mbili bila tatizo, kila teminali inachagua yake. Debian 12 bado inapata masahihisho ya usalama kwa sasa lakini haina miaka mingi, kwa hivyo hizo 2 ziweke mwisho wa mstari, usizihesabu kwenye viti vya mtihani. Ukishapata namba ya lile jaribio iandike hapa tuipige tena pamoja.